Tumefukuzwa nyumba kwa sababu ya penzi letu, na sasa tunagombana sisi kwa sisi

*"Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 32, naishi Nairobi na mpenzi wangu, mwanamke mwenzangu, mwaka wa nne sasa. Majirani tunawaambia sisi ni binamu. Mwezi wa tatu tulihamia nyumba mpya. Wakati wa kushusha mizigo, msimamizi wa ploti alisimama mlangoni akikagua vitu, akauliza mbele ya vijana wa mkokoteni: 'Wasichana wawili, na kitanda ni kimoja?' Tulicheka. Baada ya wiki chache mwenye nyumba akapiga simu, tutoke mwisho wa mwezi, hataki mambo hayo kwake. Tukahama tena. Tangu hapo mwenzangu si yule. Hataki nimguse, amefuta picha zetu kwenye simu, hataki nguo zetu zianikwe kamba moja, na jioni anarudi na kota ya pombe kali. Nikimuuliza ananiambia nimwache. Mimi nina hasira, nataka niandike yote mtandaoni na nimtaje huyo mwenye nyumba. Tunagombana kwa ajili ya vyombo, chumvi, kila kitu. Sasa ajenti amempatia kazi ya nyumbani Saudia, mkataba wa miaka miwili, naye anasema aende ili mambo yapoe. Dadangu, ambaye ndiye pekee anayejua, anasema haya ni matunda ya maisha tuliyochagua, na anamjua mchungaji anayeweza kutuombea tukabadilika. Desemba mamake mpenzi wangu anakuja kukaa kwetu wiki mbili. Je, mapenzi yamekwisha? Ama kweli kuna kitu kibaya ndani yetu?"*

Dada yangu, pole. Kuhama nyumba peke yake kunachosha. Kuhama mara mbili ndani ya muda mfupi, huku umeonyeshwa kwamba hustahili kukaa na watu, kunammaliza mtu.

Umeniuliza maswali mawili. Nyuma yake nasikia la tatu ambalo hukuliandika: aliyewakosea ni mwenye nyumba, mbona wanaopigana ni ninyi? Hilo ndilo nitakaa nalo zaidi, kwa sababu likieleweka, yale mawili yanapungua makali.

Kwanza maneno ya dadako, maana naona yamekuingia. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Chama cha madaktari wa akili cha dunia nzima kilisema mwaka 2016 kwamba matibabu ya kumbadilisha mtu hayana msingi wa kisayansi na yanaweza kumdhuru. Robert Spitzer, daktari ambaye utafiti wake wa 2003 ulikuwa ukinukuliwa na kila aliyetangaza kwamba mtu anaweza kubadilishwa, aliomba radhi hadharani mwaka 2012. Kama wewe ni mtu wa sala, sali. Sala imewasaidia wengi kulala usiku. Lakini mchungaji anayeahidi kukugeuza ni mtu wa kumkimbia. Ahadi hiyo isipotimia, na haitatimia, lawama atakutupia wewe kwamba imani yako ni haba.

Hata hivyo dadako kuna kitu ameona. Ameona huzuni, ni ya kweli, na tafiti katika nchi nyingi zinaonyesha sonona na wasiwasi ni vingi zaidi kwa watu kama ninyi kuliko kwa wengine. Alichokosea ni chanzo. Ilan Meyer, mtafiti wa Marekani, alikieleza vizuri katika makala ya mwaka 2003 ambayo sisi wa fani hii bado tunairudia. Kila mtu ana msongo wake wa kodi, kazi na ugonjwa. Anayetoka kwenye kundi linalodharauliwa ana huo, na juu yake ana mwingine. Sehemu ya kwanza ya huo mwingine inaonekana kwa macho: notisi, tusi la njiani, kufutwa kazi, kupigwa. Zinazofuata hazionekani. Kuna kungojea tukio lijalo hata siku ambayo hakuna litakalotokea. Kuna kujificha, yaani kukumbuka kila saa umemwambia nani nini. Na kuna kumeza maneno ya watu mpaka yageuke sauti yako mwenyewe. Ukiniuliza kama kuna kitu kibaya ndani yenu, hapo ni msimamizi wa ploti na dadako wanazungumza kwa kinywa chako.

Sasa mtazame mwenzako kwa jicho hilo. Picha zimefutwa, nguo zimetenganishwa, hataki kuguswa. Wewe umesoma hapo kwamba amekuchoka. Mimi nasoma mtu aliye kama askari wa zamu ya usiku, anayesikiliza kila hatua kwenye ngazi. Mwili ukiwa katika hali hiyo hulala juujuu, moyo hudunda kwa kitu kidogo, na hamu ya mapenzi nayo hukimbia. Pombe inampa saa chache za kutoka zamu. Usiku wa manane inaisha nguvu, usingizi unakatika, na asubuhi hofu inarudi imeongezeka. Ndiyo maana kesho yake ananunua kota nyingine.

Wewe nawe hofu yako imetokea mlango mwingine, imekuwa hasira. Hasira ni haki yako, wala sikuambii uimeze. Lakini angalieni mnachofanyiana bila kujua. Kila ukisema utaandika mtandaoni, yeye anasikia kwamba utawaleta watu mlangoni, basi anajificha zaidi. Kila akijificha, wewe unahisi amekukana kama wale walivyowakana, basi sauti yako inapanda. Dawa ya mmoja imekuwa sumu ya mwingine. Hapo chumvi haina kosa lolote.

Watafiti Allen LeBlanc, David Frost na Richard Wight waliandika mwaka 2015 juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi wataalamu tulilipita: kuna msongo usiomgusa mtu mmoja mmoja, unaugusa uhusiano wenyewe. Huku kwetu naona jinsi ulivyo. Huwezi kumwandikisha mwenzako SHA, bima ya afya ya taifa, kama mwenzi wako wa ndoa. Akilazwa, daktari atamtafuta mamake, wala si wewe. Harusi ya binamu unaalikwa peke yako. Miaka minne mmejenga nyumba na hakuna shangazi aliyewahi kuwaambia hongereni.

Na kuna moja ninaloliona zito kuliko hayo yote. Mume na mke wakigombana, kuna watu wa kuwakalisha chini. Kuna wasimamizi wao wa harusi, kuna wazee wa pande mbili, kuna mama mmoja wa kanisani asiyeogopa kumwambia mume ukweli. Wengine huingilia vibaya, najua, lakini wapo, na kule kujua tu kwamba wapo huwafanya wawili wale wapunguze sauti. Ninyi hamna hata mmoja. Ugomvi ukianza saa mbili usiku, unabaki kwa watu wawili waliochoka ndani ya chumba kimoja, na mnausemea chini ili jirani asisikie. Sishangai kwamba mnagombana. Nashangaa kwamba mmefika mwaka wa nne.

Guy Bodenmann wa Chuo Kikuu cha Zurich amechunguza kwa muda mrefu namna msongo wa nje unavyoingia kwa wenzi. Hauingii kwa kishindo. Kwanza unakula muda wenu pamoja, halafu mazungumzo yanakuwa ya bili na gesi tu, halafu kila mmoja anaonyesha tabia zake mbaya kwa sababu amechoka kuzizuia. Mwisho wenzi wanadhani wameacha kupendana, kumbe hawajakutana siku nyingi. Walio salama zaidi ni wale wanaoweza kulisema tatizo kama letu: si lako la woga wala langu la ukali, bali letu sote, na tulikae pamoja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: sioni katika barua hii dalili kwamba mapenzi yamekwisha. Wala usikubali kwamba penzi la aina yenu ni dhaifu kwa asili. Watafiti John Gottman na Robert Levenson walifuatilia wenzi wa jinsia moja kwa miaka 12. Matokeo waliyochapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba katika mabishano, hao walitumia mzaha zaidi na walitawalana kidogo, ukiwalinganisha na wenzi wa mume na mke. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba msimamizi wa ploti alipouliza habari za kitanda, mlicheka. Wote wawili.

Mnaanzia wapi? Anzieni hapo mlangoni, maana nina hakika hamjawahi kulizungumza lile tukio. Mlihama, mkapanga vyombo, mkaendelea. Chagua asubuhi ya Jumamosi, usichague jioni baada ya kota. Usianze na "mbona siku hizi hunitaki," hilo ni shtaka, naye atajitetea. Anza na lako: "Siku ile aliposema habari ya kitanda, mimi nilicheka lakini niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Wewe ulihisi nini?" Kisha nyamaza. Huenda ukasubiri dakika nzima. Akilia, mwache alie. Akisema anaogopa, usimjibu "achana nao, hao ni wajinga," hata kama ni wajinga kweli. Neno hilo hulenga kufariji, ila anayeambiwa husikia kwamba hofu yake ni upuuzi. Mwambie tu, "Mimi pia." Mazungumzo hayo yasizidi nusu saa, halafu mtoke mkanywe chai mahali. Rudieni wiki inayofuata.

Baada ya hapo ndipo mzungumzie kujificha. Mtandaoni kuna ushauri unaopendwa sana kwamba dawa ya kujificha ni kujitangaza. Unafaa pale sheria inapomlinda anayejitangaza. Hapa Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Kujificha kunaumiza akili, ndiyo. Kutupwa nje usiku pia kunaiumiza, na mwili juu yake. Mimi sitamlaumu mtu anayefunga pazia.

Ninachopinga ni mmoja kujificha kimyakimya na mwenzake kugundua baadaye. Yeye kufuta picha bila kukuambia ndiko kulikokuuma, na una haki. Kaeni mkubaliane: nani anajua, nani asijue, hadithi ya ubinamu ina maelezo gani ili msipishane mbele ya jirani, picha zihifadhiwe wapi penye nywila. Kama kamba ya nguo inamtisha, anikeni siku tofauti, muradi iwe ni mpango wenu na isiwe adhabu. Uamuzi uleule wa kujificha ukifanywa na wawili unakuwa ulinzi wa nyumba. Halafu tafuteni mahali pamoja pasipo na haja ya kuigiza, hata kama ni sebule ya marafiki wawili mnaowaamini. Wenzi wasio na hata sebule moja ya namna hiyo ndio wanaonitia wasiwasi.

Kumtaja mwenye nyumba mtandaoni, usifanye sasa. Anaweza kukushtaki kwa kumkashifu, na hata asiposhtaki, utakuwa umemtangaza mwenzako kwa wakwe, ofisi na kijiji kizima bila ridhaa yake. Tumia hasira yako kwenye karatasi. Weka ujumbe wa simu na risiti za kodi, dai dipoziti yenu kwa maandishi. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi haipaswi kuwa chini ya mwezi mmoja. Angalia kama yenu ilifika. Tume ya NGLHRC, shirika lisilo la serikali linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja hapa Nairobi, ina mawakili wanaoshughulikia kesi za aina hii bila kumwanika mteja. Ndiyo tume ambayo Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023, ilisema kuinyima usajili ni ubaguzi. Hukumu hiyo haikufuta kifungu cha 162, wengi wanachanganya hapo. Lakini ilithibitisha kwamba watu kama ninyi mna haki ya kujiunga na kutetewa. Na mkiwa huko ulizeni habari ya wosia na hati ya uwakilishi, kwa sababu mtu anaweza kumwachia mali yake yeyote kwa wosia, na karatasi mbili tatu zinapunguza sana hofu ya "nikifa leo utafukuzwa hata hapa."

Saudia. Hapa nitasema wazi kwamba sipendi mpango huu, ingawa naelewa unavyomvuta. Mshahara ni wa kweli, na miaka miwili mbali na maswali ya watu inaonekana kama kupumua. Lakini sheria ya huko kwa watu kama ninyi ni kali kuliko ya hapa. Kazi ya nyumbani ni kulala kwa mwajiri, na wapo waajiri wanaochukua pasipoti na simu. Picha moja au ujumbe mmoja wa mapenzi ukionekana, hana wa kumkimbilia. Tena atakuwa ameondoka katikati ya ugomvi, akiwa halali vizuri na anakunywa, aende mahali ambapo hatakuwa na mtu hata mmoja anayemjua kwa ukweli wake. Akienda, aende kwa sababu mmepiga hesabu ya pesa mkakubaliana, na simu iwe imesafishwa kabla ya uwanja wa ndege. Asiende kwa sababu ya kukimbia. Kama mnahitaji kupumua, kuna njia nyingine, kwa mfano kupanga vyumba viwili jirani kwa miezi michache. Ni gharama, najua. Lakini wenzi wengine kuishi milango miwili kuliwarudishia amani, na wala hawakuachana.

Sasa neno gumu. Si kila kitu ni cha mwenye nyumba. Ubaguzi unaeleza kwa nini mwenzako alianza kunywa. Haumwondolei jukumu la kutafuta msaada. Na kama kuna siku mmoja wenu amemsukuma mwenzake, amempiga, amemnyima pesa, au amemtisha kwamba "nitamwambia mama yako wewe ni nani," huo ni unyanyasaji, na msongo haufai kuwa kisingizio. Nalisema kwa sababu wenzi wa jinsia moja mara nyingi huficha hili, wakiogopa kuwapa maadui maneno. Hali ikifika hapo, usiendelee na mazungumzo ya Jumamosi. Toka kwanza, mengine baadaye.

Mtafute mtaalamu ana kwa ana ikiwa kwa wiki mbili mfululizo mmoja wenu hapati usingizi, hali chakula, au hafurahii chochote alichokuwa akikipenda. Ikiwa kota imekuwa ya kila siku, na hasa akitetemeka asipokunywa, maana hapo kuacha ghafla kunahitaji daktari. Na ikiwa yeyote amesema, hata kwa utani, kwamba afadhali asingekuwepo. Hilo la mwisho halisubiri kliniki ya wiki ijayo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Mathari hapa Nairobi hupokea dharura za akili, na shirika la Befrienders Kenya husikiliza kwa simu. Watu wengi bado wanaogopa kwamba atakamatwa kwa kujaribu kujiua. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka katiba.

Kumpata mshauri mzuri kunahitaji tahadhari. Hapa nchini wapo wenye vyeti vinavyoning'inia ukutani ambao watakuhubiria. Kabla ya kujitaja, piga simu uulize kwa jumla: "Je, unawahudumia wateja walio katika uhusiano wa jinsia moja, na lengo lako huwa nini?" Anayejibu kwamba lengo ni kuwasaidia waishi vizuri, nenda. Anayesita au kutaja kubadilisha, kata simu. Uliza pia kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, na anavyohifadhi maelezo ya wateja. GALCK+, muungano wa mashirika ya wapenzi wa jinsia moja nchini, wanaweza kukuelekeza kwa wanaoaminika. Ukisikia kituo fulani hakipo tena, usife moyo, kwani vingi vilivyotegemea pesa za Marekani vilifungwa au kupunguza huduma mwaka 2025. Kama pesa ni chache, kikao kimoja cha pamoja kwa mwezi ni bora kuliko vinne ambavyo mtaviacha njiani.

Nimeacha la Desemba mwisho kwa sababu lina tarehe. Usikubali ule mpango ambao nadhani mmeshaufikiria, kwamba wewe uende ukalale kwa rafiki wiki mbili nzima ili mama akute nyumba ya binti yake peke yake. Kufukuzwa na mwenye nyumba kumetosha. Usifukuzwe na mpenzi wako pia. Jadilini sasa, kabla mama hajakata tiketi ya basi. Afupishe kukaa iwe siku nne au tano. Mama apewe kitanda kama ilivyo heshima, ninyi mlale sebuleni kila mtu na godoro lake, kwa kuwa binamu wanaoishi pamoja Nairobi kulala hivyo si jambo la kumshangaza mama yeyote. Kila jioni tokeni wawili kununua maziwa, hata kama yapo, mpate dakika kumi za kuongea bila kuigiza. Na siku atakayoondoka, ombeni ruhusa kazini ya nusu siku kama mnaweza. Msirudi moja kwa moja kwenye vyombo.